Kidole Chini ya Karo

Ninyi wa atelier, karakana yetu, mliniomba niandike mambo ya kazi kabla kichwa changu hakijaanza kuchanganya tiyo za maji safi na zile za maji machafu. Hii ni wiki ya sita nimekaa nyumbani tangu niache kazi. Mke wangu amechoka kunisikia nikilalamikia bomba la jirani linalodondosha matone, kwa hiyo yeye naye anaona afadhali niandike. Sitaandika nani alipewa cheo gani, wala mshahara ulikuwaje. Waliokuwapo wanajua, na ambao hawakuwapo wasingeamini. Nitaandika juu ya choo kimoja tulichokifunga kwenye kave, chumba cha chini ya nyumba, chenye sakafu ya karo, yaani vigae, nyumbani kwa Mama Odile. Lakini siwezi kufika kwenye choo hicho bila kupitia kwa watu wawili: Mzee Banza aliyenifundisha kazi, na Monga, ambaye nilimwonea wivu miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Bado namwonea. Nalisema mapema ili msidhani kwamba mwishoni nitakuwa nimetakasika.

Mimi ni mtoto wa kambi ya reli. Baba alifanya kazi ya breki kwenye treni za mizigo, na mama aliuza samaki waliotoka Bukama. Nilipomaliza shule ya misheni hapa Kamina, baba alitaka niwe karani, lakini makarani walikuwa wengi kuliko meza. Ndipo akanipeleka kwa Mzee Banza, ambaye atelier yake ilikuwa nyuma ya soko, palepale mnapoijua.

Siku ya kwanza sikugusa chombo chochote. Mzee alinipa ndoo, akaniweka mbele ya choo cha jirani yake, akasema: "Mwanga."

Alimaanisha nimwage. Nikamwaga.

"Umesikia nini?"

"Maji, Papa."

"Mwanga tena."

Nilimwaga mpaka mchana. Jirani alitoka mara mbili kuuliza kama tumerukwa na akili. Jioni ilipokaribia ndipo nikasikia alichotaka nisikie: choo kizima kinameza mara moja, kwa pumzi moja, halafu kinanyamaza. Choo chenye shida kinameza, kinasita, halafu kinacheua kidogo. Ninyi mnatumia kamera ndogo za kuingiza ndani ya tiyo, na sina ubaya nazo. Ila kamera inahitaji chaji.

Mzee alikuwa na vyombo vichache. Alikuwa na msumeno wa chuma, tezo, patasi tatu, na mrija mrefu wa plastiki unaoonyesha ndani. Mrija ule tuliujaza maji yaliyochanganywa na chai ili yaonekane vizuri. Mmoja anashika ncha moja ndani ya nyumba, mwingine anashika ncha nyingine kule kwenye fosi, shimo la maji machafu, na maji yenyewe yanawaambia sehemu ipi iko juu na ipi iko chini. Kwa tiyo ya choo alitufundisha kushusha kidole kimoja kwa kila hatua. Ukishusha kidogo zaidi ya hapo, uchafu unabaki. Ukizidisha sana, maji yanakimbia yakiacha uchafu nyuma. Nimepima hivyo maisha yangu yote, na sijawahi kuitwa kurudia mteremko.

Miaka mitatu nilikuwa peke yangu na Mzee. Akanizoea, nikamzoea. Mkewe alinijua napenda tumbo la samaki, akawa ananiwekea. Halafu siku moja ya kiangazi akafika Monga kutoka Kaniama, juu ya kinga, baiskeli iliyofungwa gunia la mahindi nyuma. Gunia lilikuwa zawadi ya Mzee, kwa sababu babake Monga na Mzee walibatizwa siku moja. Alikuwa kijana mrefu, mwenye kucheka kwa sauti, na mikono mikubwa kama ya mtu anayekanda tope la matofali.

Mzee alimpa msumeno na kipande cha tiyo. Monga hakuweka alama. Aliangalia tu, akakata. Mzee akaichukua tiyo, akaisimamisha juu ya meza, na tiyo ikasimama wima, haikuyumba. Mimi nilihitaji miezi minane kufika hapo, na kwa alama ya kalamu.

"Mwan'ami," Mzee akamwambia, yaani mwanangu, kwa Kiluba.

Mimi nilikuwa Kalenga. Tangu siku ya kwanza mpaka siku Mzee alipofariki, aliniita Kalenga.

Msidhani Monga alikuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningelala vizuri. Aliniita Yaya, kaka mkubwa, na alibeba mifuko mizito ya simenti kabla sijainama. Wateja walimpenda kwa sababu aliwauliza habari za watoto wao na kuyakumbuka majibu. Alijiunga na kwaya ya kanisa letu, ambamo mimi nilikuwa nimeimba miaka minane katika mstari wa nyuma, na mwezi wa pili akapewa kuimba peke yake. Tumbo la samaki likaanza kugawanywa kwa watu wawili. Nasikia aibu kuandika jambo la samaki, lakini niliahidi kusema kweli.

Basi tulifanya kazi hivyo miaka mingi, tukaoa, tukazaa, na nywele za Mzee zikawa nyeupe kabisa. Ndipo Mama Odile akaja.

Mama Odile alikuwa mwalimu. Nusu ya watu wa mtaa wetu wamejua kusoma kwake. Mumewe, Papa Léon, alikuwa karani, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa, ambaye aliandika barua za watu wengine kwa mwandiko mzuri kuliko mashine. Ugonjwa ulimpiga upande mmoja wa mwili. Ngazi za nyumba yao akawa haziwezi tena, kwa hiyo wakamshusha kwenye kave. Nyumba ile ni ya zamani, imejengwa kwenye mteremko, na kave yake ina mlango unaotokea bustanini. Wenye nyumba wa kwanza walihifadhi vinywaji mle. Ni pakavu na pana baridi nzuri, ila hapakuwa na choo. Kila alipotaka kwenda, wapwa wawili walimbeba mpaka kwenye choo cha shimo mwisho wa bustani, mbele ya njia ambako watu wote wanapita. Watu walimsalimu. Yeye, aliyewaandikia barua za kuomba kazi, aliwajibu akiwa mikononi mwa watoto wa dada yake.

Mama Odile alipoingia atelier, mimi ndiye niliyesimama kwanza na kumpa kiti. Akakaa, akanishukuru, akaangaliaangalia.

"Monga eko?"

Kazi akapewa Monga. Mimi nikaambiwa nimsaidie.

Shida ya choo cha kave ni kwamba mnakaa chini, na fosi inaweza kuwa juu yenu. Tulinyoosha ule mrija wa maji ya chai kutoka sakafu ya kave mpaka fosi ya bustanini. Mteremko ulikuwepo, lakini mdogo mno. Kwa kuzunguka nyumba, tiyo isingepata kidole chake kwa kila hatua. Mimi nikasema tuchimbe fosi mpya, chini zaidi. Monga akakaa juu ya jiwe, akaangalia ukuta kwa muda, akasema: "Yaya, na tukitoboa ukuta hapa, tiyo ipite tu moja kwa moja chini ya maua ya Mama?"

Tukapima. Ikatosha. Wazo lilikuwa zuri, rahisi, na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya ukuta uleule bila kuliona. Mama Odile akapiga makofi.

Sasa sikilizeni sehemu ya kazi, maana hapa ndipo penye somo. Kiti cha choo kinachotoa maji chini kinakaa juu ya pete. Pete hiyo imegundishwa kwenye tiyo inayotoka sakafuni, na kati ya pete na kiti mnaweka kauchu, mpira wa kuziba. Pete lazima ikae juu ya karo iliyokwisha kuwekwa, na ishikwe kwa skrubu zinazoingia ndani ya zege. Ikikaa chini ya usawa wa karo, kiti kitalala juu ya karo na kauchu itabaki inagusa kwa shida. Kwa macho kitu kimekaa vizuri kabisa. Lakini kila maji yanapopita, mengine yanatoroka na kutembea chini ya karo.

Monga aliiweka pete kabla ya karo, kwa urefu wa karo ambazo Mama alikuwa amemwonyesha. Halafu Mama akabadilisha, akapata nyingine nene, nyeupe zenye maua ya buluu. Fundi wa karo naye alikuta sakafu imebonyea, akaweka simenti nyingi. Alipomaliza, pete ilikuwa imezama.

Siku ya kufunga kiti, mimi nilichelewa kwa sababu nilipita kuchukua kauchu atelier. Nilipofika, Monga alikuwa amekaa kwenye kizingiti, ana malaria, jasho linamtoka na meno yanagongana. Mama Odile aliita kutoka juu kwamba amemchemshia chai. Monga akapanda kwenda kuinywa. Mimi nikaingia kave peke yangu. Papa Léon alikuwa amepelekwa kivulini bustanini.

Nikapiga magoti. Nikaingiza kidole pembeni mwa karo kuitafuta pete. Kikaingia mpaka kiungo cha pili.

Nilijua palepale. Hakuna haja ya kujisingizia kwamba sikuelewa. Nilijua maji yatapita wapi, na baada ya siku ngapi harufu itaanza. Nilijua pia dawa yake: kuweka pete ya pili juu ya ile, kuiziba, kuipiga skrubu. Kazi ya asubuhi moja. Juu ya kichwa changu nilisikia Mama Odile akicheka na Monga, akimwambia kwamba Mungu amempa akili ya mikono.

Monga akashuka, ameshika ukuta.

"Yaya, kichwa inanizunguka. Umeangalia ile pete? Iko bien?"

"Iko bien," nikasema. "Funga."

Akafunga. Nilimpa skrubu moja moja. Tulimwaga ndoo, choo kikameza kwa pumzi moja, kikanyamaza. Kwa masikio ya Mzee Banza kilikuwa choo kizima. Wapwa walimleta Papa Léon, akaingia, mlango ukafungwa, na alipotoka alikuwa analia. Alimshika Monga mkono kwa mkono wake mzima. "Leo nimekuwa tena muntu," akasema.

Niliwaza: ngoja wiki tatu. Niliwaza hivyo, ndugu zangu, nikimwangalia mzee analia kwa furaha.

Nilikosea kidogo, zilikuwa wiki nne. Nilikuwa ninangoja Mama Odile aje amekasirika, amwite Monga fundi bandia mbele ya wote. Alikuja, lakini hakukasirika. Alikaa kwenye kiti kilekile, akazungumza na Mzee Banza kwa sauti ya chini. Mimi na Monga tulikuwa mezani, tukasikia yote.

"Mzee, nakuya juu ya neno ya kuona haya. Papa Léon hajizuie tena. Kila asubui chini ya choo kuko maji, iko na harufu. Minapangusa, inarudia. Minyi simugombeze, lakini yeye mwenyewe anajigombeza. Sasa amekataa kunywa maji. Anasema asipokunywa, hatatuletea tena haya. Infirmier wa dispensari amesema akiendelea vile, mafigo itakufa. Nilitaka munitengenezee kiti ya mbao na ndoo chini, awe karibu na kitanda."

"Masikini," akasema Monga, na sauti yake ikakatika.

Mzee akakubali kutengeneza kiti. Hakuna aliyetaja choo, kwa maana choo kilifungwa na Monga. Nilisimama pale nimeshika tezo. Kosa nililomwekea Monga lilikuwa limempita Monga, likamwangukia mgonjwa, na mgonjwa alikuwa amelipokea kama lake.

Mchana uleule nikachukua pete mpya, kauchu, skrubu na chupa ya chai baridi, nikaenda bila kuaga. Papa Léon alikuwa kitandani, amegeukia ukuta. Midomo yake ilikuwa imekauka mpaka imepasuka.

"Enda, mwanangu," akasema, kwa ule ulimi wake mzito. "Hapa haina kazi ya fundi. Ni mwili yangu njo imekufa."

"Papa, nakuomba uniangalie kidogo tu."

Mama Odile akamgeuza na kumwegemeza kwenye mito, mbele ya mlango wa choo ulio wazi. Nikapangusa sakafu mpaka ikakauka kabisa, nikamwita Mama aipapase kwa kiganja. Halafu nikamwaga ile chai yote ndani ya ndoo ya maji, nikaimwaga chooni. Tukangoja. Choo kilimeza. Kisha, polepole, kutoka chini ya mguu wa kiti, mstari wa kahawia ukatoka, ukafuata kiungo cha karo, ukafika mpaka kwenye kandambili za Mama.

"Papa, weye uko kitandani," nikasema. "Nani amemwanga hii?"

Aliufuata mstari ule kwa macho mpaka chooni.

"Haikuwa minyi?"

"Hapana, Papa. Hata siku moja."

"Odile," akasema, "leta maji."

Mama akaleta kikombe. Akanywa, nusu ikamwagika kifuani, akanyoosha kikombe tena. Alikunywa vikombe vitatu. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya skrubu, na sikuweza kuinua kichwa.

Nikakitoa kiti, nikachimbua simenti iliyooza, nikakausha kwa matambara na mkaa. Pete ya pili niliiweka juu ya ya kwanza, nikaiziba, nikatoboa zege na kuikaza. Mzigo wa pete lazima ukae kwenye zege, si kwenye karo, maana karo inapasuka. Kauchu mpya, halafu kiti, kukaza kulia kidogo, kushoto kidogo, kwa zamu. Nilimwaga ndoo kumi na kupitisha karatasi kavu pande zote. Ilitoka kavu.

Mama Odile aliniangalia muda wote. Mwishoni akauliza, kwa upole: "Njo kusema Monga alikosa?"

Nilikuwa nakaza skrubu. Ilikuwa imekwisha kukazika. Nikaendelea kuikaza.

Akachukua kunyamaza kwangu kuwa jibu, na mimi nilijua atakuchukua hivyo.

Kesho yake Mzee Banza alimwita Monga mbele ya wafanyakazi wote. Sijamsikia Mzee akiongea vile tena. Alimwambia kwamba mtu amekaribia kufa kwa kiu kwa sababu ya kidole kimoja cha karo. Monga alisimama wima.

"Minyi njo nilifunga, Mzee," akasema, yaani mimi ndiye niliyefunga. Hakusema kwamba aliniuliza. Hakunitazama hata.

Nilifurahi. Siku mbili nilifurahi sana, niliimba kwenye mazoezi ya kwaya mpaka mkubwa wa kwaya akanisifu. Siku ya tatu nikapita kwa Mama Odile kuangalia kazi yangu, nikitegemea nitakaribishwa kama mkombozi. Mlango wa bustani ulikuwa wazi. Monga alikuwa amepiga magoti ndani ya kave, anasugua viungo vya karo kwa brashi na sabuni, kimoja kimoja, kuondoa harufu iliyobaki. Papa Léon alikuwa ameketi kwenye kiti chake, ameweka mkono wake mzima juu ya bega la Monga. Walikuwa wanazungumza habari za mahindi ya Kaniama. Mama Odile aliniona, akaniambia: "Karibu, fundi... jina yako ni nani tena?"

Nimewaza sana kwa nini nilikwenda kuungama kwa Mzee Banza asubuhi iliyofuata. Ningependa kuandika kwamba dhamiri ilinisukuma. Labda ilisukuma kidogo. Lakini nilichosikia zaidi ni wivu. Kosa lilikuwa langu, na Monga alikuwa amelichukua na kulifanya sababu ya kupendwa zaidi. Nilitaka nirudishiwe kosa langu.

Nikasema mbele ya wote, Monga akiwapo. Nilisema kidole kiliingia mpaka wapi, Monga aliniuliza nini, nilijibu nini. Monga alifungua kinywa, akakifunga. Mzee alinitazama. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Kalenga," akasema, "kuanzia leo utatumika kazi na Monga kila fasi tunaitwa. Yeye njo atafunga. Weye njo utaangalia, kabla ya yeye kufunga. Na utasema ile umeona." Halafu akauliza: "Utaenda kumwambia Mama Odile?"

"Nitaenda, Mzee."

Sikuenda. Nilisema wiki ijayo, kisha baada ya Pasaka, kisha baada ya mvua. Papa Léon aliishi miaka minne tena, akaenda chooni mwenyewe akishika ukuta, akazikwa na tai yake, na hakujua.

Hivyo ndivyo mlivyotukuta, ninyi mliokuja baadaye: Monga anafunga, mimi ninaangalia. Mlifikiri ni utaratibu wa atelier. Mmoja wenu aliwahi kuniambia ni utaratibu wa kisasa. Ilikuwa adhabu yangu, na iliinufaisha kazi, sikatai. Mara kadhaa nilikuta kosa dogo: mteremko umelala, gundi haijashika vizuri. Siku hizo nilirudi nyumbani mwepesi. Lakini siku nyingi nilipiga magoti, nikatafuta, nikapapasa, na kila kitu kilikuwa mahali pake. Kumtafutia kosa mtu unayemwonea wivu, kila siku, kwa amri, na kukosa, ni kazi ngumu kuliko kuzibua fosi wakati wa mvua. Mzee alipofariki hakuna aliyetuamuru kuendelea. Tuliendelea.

Siku yangu ya mwisho mlipika kuku, mkasema maneno mazuri, mkaondoka. Monga alibaki kunisaidia kufunga vyombo. Nilikuwa nimenuia kumwuliza jambo moja kabla sijatoka pale, nikamwuliza.

"Siku ile Mzee alikugombeza, juu ya nini haukusema uliniuliza?"

Akaketi juu ya meza. Amenenepa sasa, na kicheko kimempungua.

"Yaya, kabla ya weye kufika, minyi nilishaingiza kidole."

Sikuelewa. Akainua kidole chake, akagusa kiungo cha pili.

"Ilifika hapa. Nilisikia pete iko chini. Lakini homa ilikuwa inanitetemesha, nilitaka tu kufunga nirudie ku nyumba. Nikajiambia: nitamuuliza Yaya. Akisema hapana, tutatengeneza. Akisema funga, kosa itakuwa ya bantu babili. Njo maana wakati Mzee alinigombeza, nilinyamaza. Alikuwa anagombeza muntu wa kweli."

"Na siku mimi niliungama? Miaka yote hii nimepiga magoti nyuma yako?"

"Nilifungua kinywa, uliniona. Kisha nikaona namna Mzee alikuangalia. Nikaogopa aniangalie vile na minyi. Aliniita mwan'ami, Yaya. Nikaogopa aache kuniita."

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili na kwa Kiluba, na kidogo kwa Kifaransa. Yeye alikaa tu, ananisikiliza. Nilipochoka nikaona kitu kinachonichekesha mpaka leo na kuniuma: kwa muda wote ule nilikuwa na kitu kimoja ambacho Monga hakuwa nacho, lile kosa, na kumbe nusu yake ilikuwa yake.

"Mama Odile bado eko muzima," nikasema mwishowe.

"Najua."

Tulikwenda Jumapili iliyopita, baada ya ibada. Anaishi peke yake, anatembea kwa fimbo, na wanafunzi wake wa zamani humletea unga. Tulisimama mbele ya mlango wa bustani tumevaa mashati yetu ya kwaya, wazee wawili. Monga akagonga, na ndani tukasikia fimbo inakuja polepole juu ya karo.

"Yaya," Monga akanong'ona, "minyi njo nilifunga. Wacha nianze minyi kusema."

Nikamwona tayari: anasema vizuri, machozi kidogo, Mama anamshika mkono, na mimi nyuma yake kama kawaida.

"Hapana," nikamwambia, nikampita nikasimama mbele. "Mimi ndiye mkubwa."

Mama Odile akafungua mlango.